Kuwinda bata maji bonde la Ruvu mvua za vuli: bunduki na marisau

Kijana wa Makurunge:
Wakuu salaam. Leseni ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori) ninayo na kibali cha bunduki kiko sawa. Nataka kuwinda bata maji kwenye mashamba ya mpunga huku Ruvu, Bagamoyo. Shotgani ni geji 12, mitutu miwili. Mvua ikinyesha niendelee au nisubiri ikatike? Na marisau namba ngapi?

Jaruba:
Manyunyu si tatizo mkuu, bata huruka chini chini. Ikimwagika kwelikweli acha, hutamtofautisha bata na kwarara, na leseni yako inataja aina na idadi. Usiyemtambua usimpige. Saa nzuri ni mvua inapokatika, wanahamia majaruba yaliyojaa maji mapya.

Bata hutua akiukabili upepo, kwa hiyo upepo ukupige mgongoni, naye atakujia usoni huku anapunguza mwendo. Usizidi mita 35.

Marisau ya risasi nyeusi (madini ya lead) namba 5 yanatosha, ila kwenye maji nakusihi utumie ya chuma, namba 3. Risasi nyeusi hubaki topeni, bata humeza akidhani changarawe, na sumu yake humuua polepole. Chuma ni chepesi, ndiyo maana punje ziwe kubwa zaidi (namba ikipungua, punje hukua). Kwanza fundi bunduki aikague mitutu: ya zamani iliyobanwa sana mdomoni haifai kwa chuma.

Masika waache kabisa, wengi wanataga.

Fundi Mitutu:
Hatari kubwa ni tope, siyo mvua. Ukiteleza kwenye tuta na mdomo wa mtutu ukagusa udongo, usifyatue hata kama kundi liko juu ya kichwa chako. Fungua bunduki, toa risasi zote mbili, chungulia kutokea nyuma mpaka uone duara kamili la mwanga. Tope likiziba, mtutu hupasuka, na mkono wako wa mbele uko hapo hapo. Ukiwa unatembea, iwe wazi na haina risasi.

Jioni usiirudishe kwenye mfuko wake ikiwa na unyevu. Tenganisha mitutu na kitako, futa kwa kitambaa kikavu ndani na nje, paka mafuta membamba, kisha iegemeze mdomo chini usiku kucha ili mafuta yasitiririkie kwenye mbao. Kwa hewa hii ya bahari, kutu haichelewi.

Kijana wa Makurunge:
Shukrani wakuu. Akiangukia mtoni je?

Jaruba:
Usimfuate! Ruvu ina mamba na viboko, na maji ya mvua ni udongo mtupu, huoni kitu. Amua kabla ya kufyatua: mpige yule atakayedondokea kwenye jaruba lenye maji ya magotini, mbali na matete. Majeruhi akiingia kwenye matete humpati tena.

Ukielekea kaskazini upande wa Mto Wami, ujue mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani uko wapi. Humo hakuna kuwinda.

Fundi Mitutu:
Na nyama: toa matumbo mapema, tumia kikapu cha ukili. Bata aliyelowa akifungiwa kwenye mfuko wa nailoni kwa joto hili, mchana tu ameshaanza kunuka.