Kamera ya kuingia majini kwa elfu 25, ninunue ipi jamani?

BotiYaKioo

Salaam aleikum wanajamvi. Mimi na kakangu twafanya kazi na boti ya kioo huku Bamburi, Mombasa, twapeleka wageni mwambani ndani ya hifadhi ya bahari, wavaa miwani waogelea waangalia samaki, kama saa moja na nusu hivi twarudi. Sasa siku hizi mgeni akishapanda boti tu swali la kwanza ni nani atatupiga picha chini ya maji, na wenzetu wa boti zingine wanazo kamera, wapiga kisha jioni wawatumia wageni kwa WhatsApp na pesa yaongezeka hapo. Mimi nlikuwa natumia simu ndani ya ule mfuko wa plastiki wa kuvaa shingoni, wa shilingi 500. Wiki tatu ilifanya kazi vizuri, shida tu ukishazama kioo hakisikii kidole, ikawa nabonyeza kitufe cha sauti ndo ipige. Juzi mfuko ukaachia pale kwenye mshono, sikujua hadi natoka naona maji yacheza ndani. Simu ikafa na namba za wageni zote zilikuwa humo.

Nimekusanya elfu 25 na siwezi kupita hapo, maana mwezi huu injini nayo ilitaka pesa. Nataka picha zaidi, video kidogo. Chini hatwendi sana, pale mwambani maji yakikupwa ni mita mbili tatu, yakijaa labda tano au sita. Nimeona mtandaoni kamera mpya ya elfu 7 imeandikwa 4K, megapikseli 48, mita 30. Na kuna mtu hapa mjini auza Fujifilm XP140 ya mkono wa pili elfu 18. Sasa hiyo mpya ya elfu 7 si ndo nafuu, hata chenji yabaki? Naombeni ushauri wa mtu aliyetumia.

Bint_Kibokoni

Waaleikum salaam kakangu, pole sana na simu. Nakuomba hiyo ya elfu 7 uiache. Nlinunua moja ya aina hiyo miaka miwili nyuma, jina silitaji, nikajifunza kwa pesa yangu. Kwanza zile mita 30 si za kamera, ni za kasha la plastiki linalokuja nalo, kamera yenyewe ukiitoa kwenye kasha hata manyunyu ya mashua haiwezi. Soma maandishi madogo utaona. Pili hizo megapikseli 48 si za kweli, inapiga picha ndogo halafu programu yaivuta iwe kubwa, ukiifungua kwenye kompyuta samaki waonekana kama wamechorwa na rangi ya maji. Na yangu siku ya pili tu kasha likaingia mvuke ndani, picha zote za ukungu.

Usihesabu megapikseli kabisa. Olympus walikuwa na TG-4 ya megapikseli 16, walipotoa TG-5 mwaka 2017 wakashusha hadi 12, na picha zikawa bora zaidi. Chini ya maji mwanga ni haba, kwa hivo cha maana ni lenzi ipokee mwanga wa kutosha, na kihisi, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, kisibanwe na megapikseli nyingi.

Na mita pia usizilipie. Wewe washuka mita sita, kamera ya mita 10 hapo yatosha kwa karatasi, lakini mimi ningetaka angalau ya 15 maana mpira wa mlangoni unaozuia maji ukishazeeka ile namba ya kiwandani haipo tena, na kuruka majini na kamera mkononi nako kwaongeza mgandamizo ghafla. XP140 ni mita 25, Nikon W300 ni 30, Panasonic FT7 ni 31, TG-5 na TG-6 zote ni 15. Kwa kazi yako zote sawa. Nikon W150 ni mita 10 tu, ni kamera ya watoto wa bwawa la kuogelea, sikushauri.

Ungekuwa na pesa ningekwambia TG-6 ufunge mjadala, lenzi yake yafungua hadi f/2.0 (hiyo namba ikiwa ndogo mwanga waingia zaidi) na yaweza kupiga kitu kilicho sentimita moja tu kutoka kwenye kioo, lakini kwa elfu 25 ukiipata basi uulize imetoka wapi. Hiyo XP140 ya elfu 18 lenzi yake ni f/3.9, si nzuri sana kwenye giza, ila mchana kwenye maji yenu mafupi itafanya kazi. Kaiangalie.

Nahodha_Mtwapa

Mimi nakubaliana na dada kuhusu ile ya elfu 7 ila kwa nini hamkumwambia kuhusu GoPro za zamani, zile kamera ndogo za video? HERO5 Black ilitoka 2016 na yaingia mita 10 bila kasha, HERO7 vilevile mita 10. Ukipata iliyotunzwa kwa elfu 15 hadi 20 hapo uko sawa, video zake hazilingani na hizo kamera ndogo, na ni pana yachukua familia nzima na mwamba wote. Mimi naitumia kwa wageni wa kuvua na sijajuta. Kasoro ni mbili, haina zumu ya maana kwa hivo samaki mdogo abaki nukta, na betri yaisha haraka, beba tatu. Halafu angalia mlango wa betri, ukikuta umelegea usichukue hata akupe nusu bei.

Fundi_MwembeTayari

Nimesoma yote, ngoja niongee kama mtu anayezifungua hizi kamera mezani. Nyingi nnazoletewa hazikufa kwa kina, zimekufa kwa unywele mmoja. Wallahi unywele au chembe ya mchanga. Mlango wa betri una mpira mwembamba umezunguka, ukifunga huku kuna chembe imelala juu yake hapo pana njia, na kila mita 10 ukishuka waongeza mgandamizo sawa na hewa yote iliyo juu ya dunia, kwa hivo maji yasukumwa ndani hata kama tundu halionekani. Maji chumvi yakishagusa saketi hayasubiri, nafungua kesho yake nakuta ukoko wa kijani.

Mwanangu ukienda kuiona hiyo Fuji fanya hivi. Nenda mchana, fungua mlango wa betri uutazame mpira kwa tochi, ukiwa umepasuka au umelala bapa au wateleza kama umepakwa mafuta ya nazi (wengi wapaka, na ni makosa) ujue. Tazama vile vibati ambapo betri yagusa, vikiwa na kijani au cheupe maji yameshaingia siku moja. Tazama skrubu za nje, zikiwa zimekwaruzwa vichwani kuna mtu alifungua, na kamera ya maji ikishafunguliwa na mtu asiyejua kufunga mimi siiamini tena. Mulika lenzi kwa upande uone kama kuna ukungu.

Kisha mwombe muuzaji ndoo. Toa betri na kadi, weka kipande cha tishu kavu mahali pa betri, funga mlango hadi ulie, zamisha nusu saa. Toa, pangusa nje hadi kavu kabisa, geuza mlango uangalie chini ndo ufungue, gusa tishu. Ikiwa na unyevu rudisha asante yako uondoke, na hakuna kilichoungua maana hamkuwa na umeme ndani. Ndoo si mita tano, najua, lakini inayovuja kwenye ndoo haifai hata kuzungumzwa. Akikataa ndoo basi amekwisha kukujibu.

Watengenezaji wenyewe wasema mipira ibadilishwe kila mwaka, na huku pwani na kazi ya kila siku hata mwaka ni mwingi. Kwa hivo usimalize pesa yote kwenye kamera, acha kama elfu 3 ya matunzo.

BotiYaKioo

Shukran sana wazee wangu na dadangu, kumbe kuna mambo. Nitaenda Jumamosi. Swali lingine, zile picha za simu zilikuwa zote buluu, mgeni mweupe atoka kama mgonjwa, samaki wa rangi ya machungwa atoka kijivu. Hiyo ni simu au ni maji?

Bint_Kibokoni

Ni maji kakangu, si simu. Maji yameza rangi nyekundu kwanza, ukifika mita tano nyekundu imeshaisha karibu yote, baadaye machungwa, baadaye manjano, yabaki buluu na kijani. Hakuna kamera ya elfu 25 wala ya laki mbili itakayoirudisha ikiwa wapiga kutoka mbali. Dawa ni kusogea. Usimpige mgeni kutoka mita nne, mkaribie hadi karibu urefu wa mkono, maana maji yaliyo kati yenu nayo yahesabika. Weka kamera kwenye hali ya chini ya maji, XP140 inayo. Mgeni mwambie abaki mita moja kutoka juu jua likiwa nyuma yako, kati ya saa nne na saa nane mchana.

Flashi izime wakati wa kusi maji yakiwa na vumbi, itamulika zile chembe na picha ijae madoadoa kama theluji. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, maji yakiwa maangavu na mtu yu karibu, waweza kuiwasha. Na wewe kama nahodha wajua kunishinda, siku za maji mafu, yakijaa na kupwa kidogo, mchanga hautimki kama siku za bamvua, yakijaa na kupwa sana, wageni wanaotaka picha wapange siku hizo.

Nahodha_Mtwapa

Ongeza kamba yenye boya, shilingi mia chache tu. Hizi kamera zazama kama jiwe, nimeona mbili zikienda na mkondo pale kwenye mlango wa mwamba.

BotiYaKioo

Salaam tena, naleta mrejesho. Jumamosi nlienda na ndoo yangu mwenyewe kwenye tuktuk. Muuzaji ni mzee mmoja mtu mzima, kamera ilikuwa ya mwanawe aliyehama, wala hakukataa, tukakaa barazani twanywa kahawa tukisubiri nusu saa. Skrubu safi, vibati vyang'aa, tishu ikatoka kavu kabisa nikaisugua hadi mdomoni kuhakikisha. Mpira ulikuwa na alama ndogo ya kulala upande mmoja nikamwonyesha, akashusha hadi 16,500.

Leo asubuhi nimeingia nayo mara ya kwanza. Kulikuwa na mama na binti yake kama miaka tisa, mtoto akazama akashika miguu ya mamake na chini yao kiti cha pweza chekundu, yule mnyama mwenye umbo la nyota, kimelala mchangani, nikasogea kama dada ulivosema nikapiga. Nyekundu imetoka! Mamake ameiangalia pale pale botini akanyamaza, kisha akaniomba nimtumie kabla hata hatujafika ufukweni. Sasa nko nyumbani, kamera i mezani ina chumvi, nataka kutoa kadi nimtumie. Naifungua tu au?

Fundi_MwembeTayari

Usiifungue! Itie kwenye bakuli la maji matamu mlango ukiwa umefungwa, dakika 15 au 20, ubonyeze vitufe vyote humo ndani chumvi itoke chini yake. Isiwe mferejini kwa nguvu. Kisha ipanguse, iweke kivulini kwenye kitambaa hadi ikauke hata kwenye mwanya wa mlango, juani usiiweke na asubuhi botini pia usiiache juani halafu uitose kwenye maji, hewa ya ndani yanywea ghafla na mpira wavutwa. Picha mtumie mama kwa waifai ya kamera, hiyo modeli inayo, mlango uache hadi kesho. Ukiufungua osha mikono kwanza, pitisha kitambaa kisichoacha nyuzi kwenye mpira wote, na ile sehemu iliyolala iangalie kila siku. Mpira mpya niulize wiki ijayo, naagiza mzigo.