Je, Kenya iombe kuandaa Kombe la Afrika la Wanawake?

Ndugu aliyenitangulia amesema kwamba kuomba kuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la Wanawake ni kutupa fedha baharini, kwa kuwa wageni wakishaondoka hubaki madeni na viti vitupu. Mimi ninafundisha timu ya wasichana hapa Malindi, na hoja yake naiheshimu, ila siikubali yote.

Urithi wa mashindano si lazima uwe uwanja mpya. Uingereza ilipoandaa Kombe la Ulaya la Wanawake mwaka 2022, fainali ilichezwa Wembley, uwanja uliokuwepo tayari, mbele ya watazamaji 87,192. Siku chache baada ya kutwaa kombe, wachezaji wote 23 waliwaandikia barua ya wazi wawaniaji wa uwaziri mkuu, wakitaka kila msichana apate kucheza kandanda shuleni, kwani ni asilimia 63 tu waliokuwa na nafasi hiyo katika vipindi vya michezo. Machi 2023 serikali ikaahidi wasichana fursa sawa na wavulana. Australia nayo, Kombe la Dunia la Wanawake la 2023 likiwa bado halijamalizika, ilitangaza dola milioni 200 za nchi hiyo kwa ajili ya viwanja na vifaa vya michezo ya wanawake, na miongoni mwa mahitaji yaliyotajwa ni vyumba vya kubadilishia nguo.

Vyumba hivyo nimevitaja kwa makusudi. Kila Jumamosi kabla ya mechi, wasichana wangu huvaa jezi chini ya mwarobaini ulio kando ya uwanja, nyuma ya leso mbili zinazoshikwa na wenzao, na kusi ikivuma anayeshika hulikanyaga pindo kwa vidole vya mguu ili lisipeperuke. Wawili wameacha timu, na hawakukosa kipaji. Mama zao waliniambia waziwazi kwamba hawawezi kumpeleka binti mahali pasipo na sitara, nami sikuwa na jibu, maana wamesema kweli. Waliobaki, wakitoka chuoni, yaani madrasa, alasiri, hukuta wavulana wameshaushika uwanja, kwa hiyo hupata nusu saa tu kabla ya magharibi.

Katika jambo moja ndugu yangu ana haki kabisa. CHAN, yaani mashindano ya Afrika ya wanaocheza ligi za nchi zao, ilipochezwa Agosti 2025, mechi zote za upande wa Kenya zilikuwa Nairobi, katika viwanja vya Kasarani na Nyayo, ilhali Tanzania ilipeleka mechi hadi Zanzibar. Pwani yetu ilitazama kwenye televisheni. Yakiwa ni hayo tena, nitapinga pamoja naye.

Lakini mwaka 2024 Junior Starlets, wasichana wetu wa chini ya miaka 17, walikuwa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kufuzu Kombe la Dunia la FIFA la umri wowote, na huko Jamhuri ya Dominika wakaifunga Meksiko 2-1. Kwa hiyo ninataka ombi lipelekwe, kwa sharti kwamba kabla halijatiwa saini, fedha za viwanja vya wadi ziwe zimetengwa, kila kiwanja kiwe na maji, choo na chumba chenye mlango na komeo, na saa za wasichana ziandikwe katika ratiba. Anayepinga hata ombi la namna hiyo, naomba anieleze komeo hilo tutalipata kwa njia gani nyingine, kwa sababu barua tumeandika miaka mitatu mfululizo na hakuna iliyojibiwa.