Tupeane uzoefu: chuo kikuu binafsi Mbeya na Iringa, ulitoa kiasi gani na kilirudi lini?

MamaUyole

Habari za jioni ndugu zangu. Binti yangu kamaliza kidato cha sita na amechaguliwa vyuo viwili, kozi ileile ya ualimu. Kimoja cha serikali, Dar es Salaam. Kingine binafsi, hapahapa Mbeya. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wanataka athibitishe kimoja, na siku zimebaki chache.

Kila ninayemuuliza ananipa sifa za chuo. Mimi sifa zimenitosha, nataka hesabu. Aliyesoma au kusomesha TEKU, Katoliki Mbeya, Chuo Kikuu cha Iringa, RUCU au kwingine kokote Nyanda za Juu Kusini aniambie: ulitoa kiasi gani jumla, ulikaa muda gani bila kazi, na leo unaingiza nini. Mwenye lawama asikitaje chuo, tusije tukagombana. Nawaomba sana, hela yenyewe inatoka kwenye viazi.

Mwalimu_Kyela

Shikamoo mama. Mimi nilisoma chuo binafsi Mbeya, ualimu, Historia na Kiswahili. Ada ilikuwa 1,400,000 kwa mwaka. Juu yake weka usajili, umoja wa wanafunzi, kitambulisho, tozo ya TCU 20,000 na bima ya afya ya NHIF 50,400. Hivyo vidogo vidogo wazazi huwa hawavihesabu, na vyote vinadaiwa wiki ya kwanza.

Geto, yaani chumba cha mtaani, nilipanga 45,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Halafu kuna mazoezi ya kufundisha: unapangiwa shule mbali na ulipopanga, kwa hiyo kodi ya geto inaendelea kukatika na huku unalipa chumba kingine.

Bodi ya Mikopo ilinipa, lakini ada waliyonilipia haikufika ada ya chuo. Pengo nililiziba na bumu, ile hela ya kujikimu wanayokupa Bodi. Kwa hiyo mama, akipata mkopo usitulie hapo. Uliza ada imelipiwa kiasi gani na wewe unabakiwa na nini, maana chuoni kwetu aliyekuwa na deni la ada hakuruhusiwa kukaa kwenye chumba cha mtihani. Nimeona vijana wenye akili kabisa wakirudi geto wanalia.

Baada ya kuhitimu nilifundisha shule binafsi kwa 300,000 kwa mwezi, miaka minne hivi, hadi serikali iliponichukua. Na leo nikupe hesabu ya mwalimu mwenye mkopo. Chukua mshahara wa msingi wa 800,000. Mfuko wa pensheni, PSSSF, asilimia 5 ni 40,000. NHIF asilimia 3 ni 24,000. Chama cha walimu asilimia 2 ni 16,000. Kodi ya mapato 68,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ni 120,000. Mkononi inabaki 532,000. Deni la milioni 9 kwa makato hayo linaisha baada ya miezi 75, yaani miaka sita na robo. Afadhali siku hizi. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa 2021. Kabla ya hapo ulikuwa unakatwa kila mwezi na deni linaongezeka kwa upande mwingine.

Kama imenilipa? Ndiyo, imenilipa. Lakini ilianza kunilipa siku nilipoajiriwa. Siku ya mahafali hakikubadilika kitu, na ile miaka minne katikati hakuna aliyewahi kuniambia niiweke kwenye bajeti.

MbaoMufindi

Kamwene wakuu. Mimi ni mzazi, nimesomesha wawili Iringa.

Huku kwetu ada iko msituni. Shida ni kwamba msitu una wakati wake na chuo kina wakati wake. Paini ukiiacha ikomae vizuri inataka miaka 15 na zaidi, hapo mbao inakuwa pana na mnunuzi anakuheshimu. Mimi niliuza ekari zangu miti ikiwa na miaka tisa kwa sababu mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa umekaribia na kijana anapiga simu kila jioni. Wanunuzi wanajua msimu wa ada. Wanakuja na bei zao.

Kwa hiyo mkinisikia nasema chuo kiligharimu milioni 5 kwa miaka mitatu, mjue hiyo ni ya risiti tu. Msitu ule kama ungesimama hadi leo ningepata mara mbili ya nilichouzia, pengine na zaidi. Hiyo nayo ni gharama ya chuo, na haiandikwi kwenye mchanganuo wa ada.

Kijana wa kwanza ni mhasibu Makambako, ananitumia hela, namshukuru Mungu. Wa pili yuko nyumbani na digrii yake ya maendeleo ya jamii, anasimamia mashine ya mbao ya mjomba wake. Ni mtoto mzuri na anafanya kazi. Lakini kazi ile asingeihitajia chuo. Ningempeleka VETA, akasome ufundi kwanza, digrii ingefuata akiwa na kipato chake.

Gangilonga

Mimi ni sheria, Iringa. Miaka minne. Wazazi wengi wa huku wanadhani ukitoka hapo wewe ni wakili. Bado. Kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, hii tunayoiita Shule ya Sheria, iko Dar, ina ada yake, na unaishi Dar bila kipato. Kwa upande wangu, gharama ya kipindi kile ilikaribia ya miaka miwili ya Iringa. Anayesomesha sheria atenge fungu hilo tangu mwaka wa kwanza.

Ila jambo moja nalisema kwa moyo wote: kwenye usaili wa kazi za serikali, Sekretarieti ya Ajira, nilikaa chumba kimoja na waliotoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tukajibu karatasi ileile. Nikapita.

Duka_Mwanjelwa

Naongezea kwa sisi tuliojiajiri. Nina digrii ya biashara, nauza vipodozi jumla Mwanjelwa. Bodi haikuachi kwa sababu huna mwajiri: usiye na ajira rasmi unatakiwa kulipa asilimia 10 ya mapato yanayotozwa kodi, na isipungue 100,000 kwa mwezi. Mwezi mbaya wa biashara nayo haipungui. Mpeni kijana taarifa hiyo kabla hajasaini mkopo.

Na wanaosoma uhasibu: digrii peke yake Mbeya haiongezi mshahara kama CPA, cheti cha uhasibu cha bodi ya wahasibu, NBAA. Rafiki zangu waliofanya mitihani ile wakiwa bado wabichi kutoka chuo ndio wenye ofisi leo.

MamaUyole

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimekaa na kalamu. Barua ya Dar inasema ada 1,300,000. Ya Mbeya 1,560,000. Nilikuwa natishwa na hiyo 260,000 ya juu. Sasa nimeweka mengine. Dar chumba 80,000 kwa miezi kumi ni 800,000. Chakula 6,000 kwa siku 300 ni 1,800,000. Bado nauli ya basi kwenda na kurudi. Hapa atalala kwangu, atakula kwangu, nampa nauli ya daladala na chakula cha mchana, hata nikisema 3,500 kwa siku 200 ni 700,000. Chuo binafsi kimekuwa nafuu kwangu kwa zaidi ya milioni moja na nusu kila mwaka!

Kinachonisumbua ni miaka minne ya Mwalimu. Na yeye ameomba masomo ya sanaa hivyohivyo. Akipata bumu je, la 10,000 kwa siku, nimwambie alikatae?

Mwalimu_Kyela

Mama, asilikatae, ila alipangie kazi. Anayelala nyumbani bumu lake lizibe pengo la ada, viazi vyako vipumzike. Mwanafunzi wa Dar hilo linaishia tumboni na kwa mwenye nyumba. Deni lenyewe ni lilelile.

Kuhusu masomo, hapo ndipo ningepambana kuliko kwenye jina la chuo. Kama ana Jiografia na Hisabati kwenye cheti cha kidato cha sita, uliza chuoni kama wanafundisha Hisabati ya ualimu, abadilishe kabla ya usajili kufungwa. Tangu usaili wa walimu uanze 2025 nawaona vijana wa Historia wanarundikana, wa Hisabati shule zinawatafuta zenyewe, hata za binafsi huku Kyela.

Na kesho ukienda, omba mchanganuo wa ada wa miaka yote mitatu kwa maandishi, wenye muhuri. Uliza kama ada inaweza kupanda katikati, na kama wanakubali awamu nne badala ya mbili. Wengine wanakubali, lakini lazima uandike barua mapema, siyo wiki ya mtihani.

MamaUyole

Ana Jiografia na Hisabati, Hisabati amepata D. Kesho saa mbili asubuhi niko getini pale.