Sauti gani inawatuliza mkishikwa na wasiwasi usiku? Mimi za mvua zimenishinda

MchanaKweupe:
Habari za usiku wakuu. Nina kama miezi mitatu hivi naamka saa tisa kasoro za usiku, moyo unadunda kama nimetoka kukimbizwa, mikono baridi, kichwani kodi ya nyumba, ada ya mdogo wangu, ripoti ya bosi, yote yanakuja kwa mpigo. Mchana niko freshi tu, nacheka na watu. Shoga yangu akaniambia we tafuta sauti ya mvua YouTube ulalie, nikaweka ile ya masaa kumi, nikasinzia vizuri kabisa, mara tangazo la kubeti likalipuka masikioni, jamani nilikaa kitako kitandani nikajua tumevamiwa. Na bando likakata. Sasa kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp anauza faili za "masafa ya uponyaji", moja elfu 15, anasema hofu inatoka ndani ya siku saba. Kuna aliyejaribu? Au kuna sauti nyingine inayosaidia kweli? Nakaa chumba kimoja Tabata, ukuta mmoja na jirani, ng'ambo ya barabara kuna baa.

FundiMiksa:
Hiyo elfu 15 kale chipsi kuku. Mimi kazi yangu ni saundi, kanisani na kwenye maharusi, mwaka wa kumi na moja huu. Hayo "masafa" mara nyingi ni sauti mbili, sikio la kushoto unapewa Hz 200 (yaani mitetemo 200 kwa sekunde), la kulia Hz 210, ubongo wenyewe unatengeneza kamdundo ka 10 katikati. Ni kitu cha kweli, Mjerumani mmoja Heinrich Wilhelm Dove alikieleza tangu karne ya 19. Ila kwamba kinaondoa wasiwasi, majaribio hayakubaliani, wengine wanapata nafuu wengine hola. Na lazima uvae hedfoni masikio yote mawili, ukipigia kwenye spika ya simu sauti zinachanganyika hewani kabla hazijakufikia, umekwisha, sasa muulize muuzaji wako kama alikwambia hilo. Na ile habari kwamba muziki wa Hz 432 unaponya kuliko wa 440, hizo namba ni wapiga ala wanakubaliana wakaze nyuzi wapi, basi, hakuna ini wala figo inayopona hapo.

Kinachosaidia ni kitu kingine na ni cha bure. Ukiwa kwenye kimya, mlango ukigongwa unaruka, si ndio? Kinachokuamsha ni ule mruko kutoka kimya kwenda kelele, hata kama kelele yenyewe si kubwa. Ukijaza chumba na sauti moja isiyobadilika, mruko unakuwa mdogo. Kelele nyeupe ni ile shhhh ya redio isiyoshika stesheni, kali kidogo. Ya pinki imepunguzwa ukali, kama mvua iliyotulia. Ya kahawia ndio nzito, kama maporomoko ukiwa mbali (Kiingereza wanaiita brown, ila wala sio rangi, ni jina la mtu, Robert Brown). Kwa mtu wa jirani na baa mimi nakupa ya kahawia maana besi ya baa inataka kufunikwa na kitu kizito. Lakini spika ya simu haina besi, tafuta kaspika kadogo ka bluetooth, weka mbali na kichwa, sauti chini. Pakua faili kabisa, zima data, matangazo kwisha habari yake.

BondeniKwetu:
Mimi nachangia la mvua tu. Nimekulia bondeni Jangwani. Watu wanasema mvua inatuliza, mimi mvua ikianza kupiga bati nafumbua macho naangalia chini ya mlango kama maji yameanza kuingia. Tumewahi kuhamisha godoro juu ya kabati saa nane za usiku na bibi juu ya meza. Nilihamia Kimara, juu kabisa, maji hayafiki, na bado. Mpenzi wangu aliniwekea hiyo sauti kwa nia njema kabisa nikamwambia zima hiyo kitu. Kwa hiyo dada usijilazimishe eti kwa sababu wote wanaisifia. Mimi nalala na sauti ya cherehani. Usicheke. Mama alikuwa fundi nguo, akishona usiku maana yake yupo macho, mimi naweza kulala. Nilimrekodi dakika arobaini, naizungusha.

Pwani254:
@BondeniKwetu wallahi hiyo ya cherehani imenigusa.
Mimi niko Mombasa, watu hunambia wewe una bahati wasikiza bahari bure. Bahari ya kwetu maji yakiwa yamekupwa haina mshindo hapa ufuoni, mawimbi yanavunjikia mwambani kule mbali, wewe wasikia ngurumo tu, uuuuu, moja kwa moja. Hiyo ndiyo hunilaza. Zile za mtandaoni zina wimbi linapiga paa! halafu kimya, halafu paa!, mimi nikawa nalingoja lijalo. Nilijaribu kurekodi mwenyewe nikapata upepo tu kwenye maiki, hadi nilipoifunga simu soksi.

MamaPacha:
Feni. Mimi feni, hata Julai na baridi lake naiwasha naigeuzia ukutani. Shida umeme ukikatika ndo naamka mimi, wengine wote wanakoroma, kimya kinaniamsha.
Ila wenye watoto wachanga nisikilizeni, mapacha wangu nilikuwa nawawekea simu pembeni ya mto na sauti ya brenda juu kabisa, wananyamaza papo hapo nikajiona bingwa. Kliniki dada mmoja akanigombeza, akasema angalau mita mbili kutoka kichwa cha mtoto na sauti ya chini, sikio lake bado changa. Nilikuwa sijui.

ZamuYaUsiku:
Mimi ni nesi, naongea kama mdau sio kama daktari wako. Muziki sisi tunauona ukifanya kazi kwa wagonjwa wanaosubiri kuingia chumba cha upasuaji. Na sio hisia zetu tu, mwaka 2013 Cochrane, wale watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, walikusanya majaribio 26 yenye watu zaidi ya 2000, wasiwasi kabla ya operesheni unapungua ukisikiliza muziki. Unapungua, sijasema unaisha.

Sasa wewe ukiamka moyo unakimbia, sauti peke yake haitakushika, ipe mwili kazi. Vuta pumzi kwa kuhesabu nne, toa kwa kuhesabu sita, hapo unapata pumzi sita kwa dakika, moyo wenyewe unaanza kushuka. Kama kuhesabu kunakuchosha, vuma. Kweli kabisa, funga mdomo uvume kama nyuki, mmmmm mpaka pumzi iishe. Ukivuma huwezi kutoa pumzi haraka hata ukitaka, na mtetemo unausikia kwenye pua na kifua, akili inaacha kodi inafuata mtetemo.

Maswali mawili. Unakunywa zile soda za kuongeza nguvu jioni? Na umewahi kupima? Miezi mitatu ya moyo kukimbia, mikono baridi, nenda wakuangalie damu na tezi ya shingo kwanza, tezi ikizidisha kazi moyo unadunda hivyo hivyo na hakuna sauti ya mvua itakayoisaidia. Wakikukuta mzima omba kuonana na mtu wa afya ya akili, sio lazima uwe "umechanganyikiwa" ndio uende. Na hedfoni usilale nazo zikiwa juu, WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema sauti ya desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) mwisho masaa 40 kwa wiki, wewe ukilala nazo kila usiku unakaribia masaa hamsini.

Kijana_wa_Ilala:
Surat Maryam, sauti chini. Naijua kwa moyo, kwa hiyo akili haina cha kusubiri. Habari za redioni nilijaribu nikawa nalala saa nane nikifuatilia mjadala.

MchanaKweupe:
Wakuu nimerudi, wiki mbili na nusu zimepita, asanteni sana kila mmoja. Nesi umenikamata, nilikuwa nakunywa kopo moja saa kumi na mbili jioni kila siku ili nimalize ripoti, nimeacha. Nimepima, tezi iko sawa, damu ilikuwa chini kidogo nimepewa vidonge. Mtu wa ushauri nina miadi Alhamisi.

Ya kahawia FundiMiksa imekubali, kaspika nimeazima kwa kaka yangu, nimekaweka juu ya kabati, baa naisikia kama iko Kigogo vile. Bado naamka siku moja moja lakini narudi kulala, zamani ilikuwa mpaka adhana.

Juzi sasa. Umeme umekatika saa nane, kaspika hakana chaji, kimya tii, moyo huo umeanza. Nikakumbuka kuvuma. Nikafunga macho, mmmmmm, nikavuma kama dakika kumi, nikalala hata sijui saa ngapi. Asubuhi naenda kuchota maji, jirani wa ukutani ananiuliza, dada hilo friji lako mbona linaunguruma usiku wakati umeme haupo?

Sina friji.