Mrejesho: mkojo unaobana ghafla, miezi mitatu baadaye

Wapendwa, nilileta hapa shida yangu ya mkojo kunibana ghafla: chooni mara 14 kwa siku, usiku mara nne, na wakati mwingine unanitoka nikiwa bado nahangaika na kitasa. Asanteni sana mlionijibu, hasa dada aliyesisitiza nipime kwanza. Nimepima mkojo na sukari, sina maambukizi wala kisukari. Daktari alisema msuli wa kibofu unajikaza kabla hakijajaa.

Kahawa na chai ya jioni nimeacha. Maji nakunywa kama kawaida. Kule kujinyima maji kulikuwa kosa, mkojo ulikolea ukazidi kunisumbua. Kilichosaidia zaidi ni mazoezi ya misuli ya nyonga, unabana kama unazuia hewa isitoke kwa nyuma, pamoja na kusogeza muda wa kwenda chooni. Ukibanwa usikimbie. Kaa, bana na kuachia haraka haraka mara tano, hamu ipungue, ndipo unyanyuke. Nilianza kwenda kila baada ya saa moja, nikawa naongeza dakika 15 taratibu. Mwezi wa kwanza sikuona kitu, nikalia. Wiki ya sita ndipo nilipoanza kuona nafuu.

Oksibutinini, dawa ya kutuliza kibofu, ilinishinda: kinywa kilikauka hadi ugali haushuki, choo kikawa kigumu. Daktari akaisimamisha.

Sijapona kabisa. Nikifungua bomba kuosha vyombo bado nabanwa, na mwezi huu nimevuja mara mbili. Ila sasa naenda mara nane, usiku mara moja, na Jumapili nilikaa ibada nzima bila kutoka. Mungu awabariki.