Gredi ya nne na kusoma kumemshinda: nimtoe skuli sasa ama nisubiri muhula uishe?

BintiMtopanga
Asalaam aleikum wapendwa. Naomba ushauri, na tafadhali msinicheke. Naishi na mtoto wa dadangu hapa Kisauni, mvulana wa miaka tisa. Alikuwa mwepesi, chenji ya dukani akinipigia kwa kichwa. Tangu mwaka jana amepumbaa. Mwalimu aniambia yuwatazama dirisha, akiitwa haitiki, akisoma aruka nusu ya mstari. Skuli wataka arudie gredi ya tatu. Mimi naona nimtoe kabisa, abaki na madrasa, akikua aingie karakana ya mjombake Changamwe. Nimtoe sasa ama muhula uishe?

NahodhaWaFeri
Karakana haina ubaya. Mimi niliacha skuli nikiwa darasa la sita, na waliokuwa wakinicheka leo wapanda matatu yangu. Wengine hata nauli hawana 😂

MamaPili
Tatizo ni simu. Mnyang'anye simu, umpe samaki na uji wa mtama. Wangu alikuwa hivyo hivyo.

MwalimuMstaafu
Mwanangu, mtoto mwepesi hapumbai bila sababu. Hapo dirishani macho huwa yameganda? Hudumu sekunde chache, kisha aendelea kama hakuna kitu? Amewahi kuanguka?

BintiMtopanga
Alipokuwa mchanga alishikwa na dege. Mambo ya zamani hayo. Mimi nauliza habari ya skuli.

Mkunga_Likoni
Zamani lini, dada? Na anatumia dawa gani? Bila hilo tunapiga ramli.

BintiMtopanga
Haya. Ana kifafa. Alianza kuanguka mwaka juzi, wakampa fenobabitoni. Kuanguka kukaisha, lakini asubuhi haamki, akiamka ni mzito, kisha yuwapiga wenziwe. Nikaziacha kabla ya Ramadhani. Sasa ni kombe, maji ya aya anayokunywa, na kisomo, na wallahi hajaanguka tena. Msianze kunihukumu, mimi ndiye niliyemzaa akachelewa kulia, mimi ndiye nikeshaye naye. Skuli sijawaambia wala sitawaambia.

AbuTwaha
Umefanya vyema dada. Haya mambo yana wenyewe. Hospitali hawajui jini.

MwalimuMstaafu
Abu Twaha, kisomo hakuna aliyekikataza, na mwenye kusoma hakuambiwa atupe dawa. Nilikuwa na mwanafunzi, miaka hiyo hatukuwa na maarifa. Akianguka tunamtia kijiko mdomoni na kumpaka kitunguu puani. Alivunjika meno mawili, kwa mikono yetu. Kumbe ilitosha kumlaza ubavu, kuondoa vitu vigumu karibu naye na kutazama saa. Ikipita dakika tano, hospitali.

Mkunga_Likoni
Dada, nisome polepole. Umesema ameacha kuanguka. Je, na kule kuduwaa kumeacha tangu uziache dawa?

BintiMtopanga
...Hakujaacha. Kumezidi kidogo. Lakini ni uvivu, mwalimu mwenyewe asema hivyo.

Mkunga_Likoni
Basi sikiliza. Kifafa si kuanguka tu. Kuna kinachomshika mtoto akaganda sekunde kadhaa, labda mara nyingi kwa siku, kisha akaendelea. Mwalimu akisoma mistari mitatu, yeye amesikia mmoja. Akili ipo, ila darasa linampita vipande vipande. Na fenobabitoni haikitibu hicho cha kuganda. Ule uzito na ugomvi unaweza kuwa ni dawa, hapo sikupingi, fenobabitoni hufanya hivyo kwa watoto. Ndiyo maana hubadilishwa. Dawa nyingine, valproeti, hutumika kwa kuganda. Nyingine, kabamazepini, yaweza hata kukizidisha. Kwa hiyo aina ya kifafa ijulikane kwanza, na daktari ndiye achague, si jirani.

Watoto wengi wenye kifafa wana akili kama wenzao. Wanaopata shida, sababu huwa tofauti: ubongo ulioumia mapema, mfano malaria ya kichwani au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kifafa kinachorudi bila kudhibitiwa, wakati mwingine dawa yenyewe, na siku za skuli anazokosa. Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila kushikwa wakitibiwa sawasawa. Hapo Kilifi watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wamekitafiti kifafa miaka mingi. Huu si ugonjwa wa Ulaya.

ChumviNyingi
Ngojeni kidogo. Uzi ulianza na "mtoto wa dadangu". Sasa "mimi ndiye niliyemzaa". Dada alikopesha tumbo? Kesho tutaletewa namba ya kutuma pesa. Nimeona nyuzi kama hizi.

NahodhaWaFeri
😂😂 Chumvi umekuwa mpelelezi. Lakini kweli, sijaelewa.

MamaPili
Nami nilijua. Nimepoteza mapishi yangu bure.

BintiMtopanga
Sikuomba senti ya mtu. Ni mwanangu. Dadake mkubwa aposwa mwezi huu, na upande wa mume wakisikia kuna kifafa nyumbani, posa itavunjika. Nusu yenu mtaa huu mnanijua kwa sauti. Ndiyo nikasema wa dadangu. Na ndiyo nataka awe madrasa, ustadh ni wa nyumbani.

ChumviNyingi
Kwa hiyo mtoto anatolewa skuli kwa ajili ya harusi.

BintiMtopanga
Wewe una mabinti wa kuoza?

ChumviNyingi
Watatu. Na mmoja wao anameza vidonge vya kifafa kila usiku, na ameolewa Bondeni.

AbuTwaha
Hilo nalo sharti lithibitishwe, maana leo kila mtu ana kisa.

MwalimuMstaafu
Msibishane hapa. Mama, kurudia gredi na kutolewa skuli ni mambo ya mbele. Kuna kituo cha wizara ya elimu cha kuwapima watoto, lakini kumpima kabla ya kifafa kutulia ni kupima samaki akiwa wavuni.

Mkunga_Likoni
Usimrudishie dawa ya zamani mwenyewe, na usingoje posa. Nenda kliniki ya watoto kesho na chupa uliyobakisha, waambie uliacha lini. Akiganda, mrekodi kwa simu. Daktari hujifunza mengi hapo kuliko kwa maneno.

BintiMtopanga
Akiganda huwa ni wakati wa chai ya asubuhi. Nikimrekodi, nimuite jina ama nikae kimya?

Mkunga_Likoni
Anza kurekodi ukiwa kimya, kisha muite mara moja. Na saa ionekane.