Mrejesho: kiangazi London, kazi na kujichanganya

Wakuu, mwezi wa tano niliwauliza kama mgeni London anaweza kupiga kazi likizo nzima na bado akapata watu. Inawezekana, ila usingizi ndio unaoumia.

Kazi nimepata jikoni, mgahawa mmoja pale Soho. Nilianza na kuosha masufuria, sasa nakata vitunguu, machozi ya bure. Muhula ukianza viza yangu ya masomo inarudi kwenye kikomo cha saa 20 za kazi kwa wiki, hivyo zamu nimezichangamkia mapema. Treni ya chini ya ardhi ya Central line ni tanuri. Shati linalowa kabla sijafika kazini.

Aliyeniambia nitafute wacheza mpira, Mungu akubariki. Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, basi nikitoka zamu ya mchana tunakutana kwenye bustani ya Burgess Park: Wakongo, Wakenya, Wabongo. Kiswahili kila mtu na chake, matusi ya mpira tunaelewana. Ijumaa na Jumamosi baadhi ya treni za chini hukesha, kisingizio cha kuwahi nyumbani hakuna. Mwisho wa Agosti tulizama Notting Hill Carnival, ile sherehe kubwa ya mtaani, hadi miguu ikagoma.

Kodi ya chumba bado inanitafuna. Yule aliyesema Zone 4, ukanda wa nauli ulio mbali na katikati ya jiji, ni nafuu, naomba anielekeze mtaa.